Haikojoi, Usiende

Mpanda, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Telesphor,

Tumsifu Yesu Kristu. Ukijibu, jibu kwa sauti, maana tangu misa ya Simon sijakusikia. Mimi mzima. Shemeji yako Apollinarie goti linamsumbua na hataki kwenda hospitali. Anasema watamwambia apunguze kula. Shamba la Kabungu limeota vizuri upande wa mtoni, upande mwingine ngedere wamevuna kabla yetu. Msalimie wifi yangu Faith. Mwambie zile mbegu za mchicha zimefika.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unasema mtandao mbovu. Masunga, kondakta wa basi la Karema, amekubali kuwa posta yetu. Karatasi haina mtandao.

Habari zinazozunguka hapa Mpanda ni hizi. Tarehe tisa Desemba mdogo wetu Simon aliondoka ufukweni, pale mwaloni, na boti kwenda Ikola. Mama mkwe wake, Séverine, alisimama mbele ya watu akamtajia mkojo. Mkwe kutajiwa mkojo na mama mkwe, hadharani! Saa mbili baadaye mashine ikafa katikati ya dhoruba. Boti ilipatikana imepinduka. Simon hakupatikana mpaka leo. Tulisali misa bila jeneza. Kwa hiyo watu wenye akili timamu, waliobatizwa, wenye simu mkononi, wamekaa wakaamua kwamba Séverine ni mchawi, na mwenyekiti wenu wa kitongoji, Amosi, amempa mpaka Pasaka awe ameondoka Karema.

Telesphor, nimewapinga watu wengi magazetini na sijawahi kuona kesi nyepesi kama hii. Mashine ilikufa. Mashine hufa kwa sababu. Wewe ndiye fundi wake. Nina swali moja tu: pampu ya maji ya mashine ya Simon ilikuwa katika hali gani?

Jibu lako linaweza kumbakisha mama huyu nyumbani kwake.

Dada yako,
Marsela


Karema, 5 Machi 2024

Dada Marsela, shikamoo.

Milele amina. Nimesema kwa sauti mpaka Faith akauliza naongea na nani. Sisi wazima. Mvua imezidi, barabara ya Sibwesa imekatika sehemu mbili, ndiyo maana barua imechelewa. Mpunga umekaa vizuri. Dagaa wachache. Mtoto wetu wa tatu amepona surua. Mchicha Faith anashukuru, anasema ulete na za bilinganya.

Umeuliza pampu. Wewe ni mwalimu wa historia, basi kaa nikufundishe kidogo. Mashine ya boti haina rejeta kama gari. Inakunywa maji ya ziwa. Kwenye guu lake, juu kidogo ya propela, kuna pampu, na ndani ya pampu kuna raba yenye mabawa sita. Raba inazunguka, inavuta maji, inayapandisha kwenye injini kuipoza. Maji mengine yanatokea nyuma kwenye kitundu, mchirizi mwembamba. Sisi mafundi tunasema mashine inakojoa. Ikikojoa vizuri ni nzima. Ikilegea, raba imechoka au imekula mchanga. Ikikatika kabisa una dakika chache, halafu injini inaungua na kukwama. Mabawa yakikaa yamekunjika msimu mzima yanazoea, hayarudi, hayasukumi. Ndiyo maana raba tunabadilisha kila mwaka kabla ya mvua.

Mashine ya Simon niliishughulikia Novemba. Niliijaribu kwenye pipa la maji, ikakojoa. Watu waliona. Alichosema mama Séverine pale mwaloni kila mtu alikisikia. Mimi si mwenyekiti.

Kuna kitu nataka kukuuliza wewe msomi, usinicheke. Ile mashine iliporudishwa pamoja na boti niliifunga kwenye stendi karakanani. Nilimwaga maji yake yote siku hiyohiyo. Lakini nikifungua mlango asubuhi, kwenye saruji chini ya kile kitundu, kuna maji. Kiasi cha kikombe. Nafuta, kesho yapo. Paa nimekagua kwa mkono wangu.

Faith anasema nihamishe karakana.

Mdogo wako,
Telesphor


Mpanda, 19 Machi 2024

Mdogo wangu Telesphor,

Mungu ashukuriwe kwa mtoto. Goti la Apollinarie limevimba zaidi, ameenda hospitali, wamemwambia apunguze kula. Mbegu za bilinganya hizo, kwenye kibahasha.

Kikombe cha maji! Ni masika, ndugu yangu. Maji yako juu yako, chini yako na kwenye viatu vyako. Panda tena kwenye hilo paa.

Sasa tuje kwenye barua yako. Ni nzuri sana. Ningekuwa nasahihisha mtihani ningekupa alama zote, isipokuwa hukujibu swali. Umeandika "raba tunabadilisha kila mwaka." Hukuandika "nilibadilisha." Nimekaa mbele ya ubao miaka ishirini na sita, mtu anayejibu swali la jirani namjua hata akiandika kwa kalamu nyekundu.

Na usiniambie wewe si mwenyekiti. Séverine alifika nchi hii akiwa na miaka minane, amebebeshwa sufuria kichwani. Amekulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, amezika mume Karema, ameoza binti kwa mdogo wetu. Uraia aliupata kwa cheti chenye muhuri, nyie mnamvua kwa midomo. Angekuwa mama wa kwetu angetaja mkojo mara kumi na watu wangesema kachoka, mpelekeni alale. Lakini kwa kuwa akiongea bado kuna Kirundi kwenye ulimi, neno lake limekuwa jini la ziwa. Huo si uchawi, ni uoga uliovaa suti.

Tena, marehemu mume wake Arcade aliendesha boti ya abiria miaka kumi na miwili. Mama huyu alikaa nyuma ya mashine zaidi kuliko wengi wa wanaomhukumu. Unadhani alitaja mkojo wa nani?

Fungua pampu. Mbele ya Amosi, mbele ya yeyote. Boliti chache tu, umewahi kuniambia mwenyewe. Pasaka ni tarehe thelathini na moja.

Marsela


Karema, 8 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Sisi wazima. Faith amepanda bilinganya.

Mama Séverine aliondoka Jumamosi Kuu. Hakuna aliyempiga. Bati za nyumba zilivuliwa alipokwisha kutoka. Joséline, mjane wa Simon, amebaki na watoto, hasemi na mtu, hata na mimi shemeji yake.

Pampu sifungui. Usiniandikie tena habari ya mashine.

Halafu ile raba mpya niliyokuagiza mwezi Novemba pale Mpanda, uliipata? Hukuwahi kuniambia.

Telesphor


Mpanda, 6 Mei 2024

Telesphor,

Hujambo na watu wako. Huku mvua zimeisha ghafla, mahindi yanakauka vizuri. Apollinarie amepunguza kula kwa siku tatu, sasa anakula kulipiza.

Nilikwenda Kabungu, nikamkuta Séverine. Amefikia kwa binamu yake. Anachambua maharage, hanyanyui uso. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni dada yake Simon, akasogeza kigoda akanipa, yeye akakaa chini. Nikaona aibu ambayo siwezi kuiandika.

Nilimwambia, "Mama, niambie ulichosema siku ile."

Akasema, "Unakuja kunichoma na wewe?"

"Nakuja kusikia."

Akasukuma ungo wa maharage pembeni. Halafu akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Simon aliwasha. Mimi niko nyuma ya boti na kapu la wajukuu. Naangalia kitundu, mazoea ya mume wangu. Naona mchirizi unatoka, unakatika, unatoka, unakatika, kama wa mzee. Nikajua. Nikasema nimwambie nani? Mama mkwe hamwambii mkwe neno lile. Nikamwangalia fundi, kaka yake, amesimama palepale majini. Fundi ameona, mimi nimeona kwamba ameona. Akaangalia milimani. Basi nikafunika uso na kitenge nikapaza sauti: Simon, haikojoi, usiende! Watu wakaguna, wanawake wakatema mate. Simon akainamisha kichwa kwa aibu, akasukuma boti haraka kuliko siku zote. Mimi ndiye niliyemharakisha. Hilo nalibeba. Lakini yule fundi alicheka, akamwambia, nenda, itajizibua njiani."

Nikamuuliza kwa nini hakuyasema haya mbele ya Amosi. Akanitazama mara ya kwanza. "Nilingoja mwenye mashine aseme. Mgeni hamsemei mwenyeji."

Telesphor, huyu mama alivunja adabu ya maisha yake yote ili kumwokoa mdogo wetu. Wewe ulisikia onyo, ukawaacha waliite laana. Umekaa miezi mitano unalinda nini? Kila siku unayonyamaza, bati nyingine inavuliwa juu ya kichwa chake.

Anakohoa. Hana dawa wala mtu wa kumletea maji.

Sina la kuongeza.

Marsela


Karema, 23 Juni 2024

Dada Marsela, shikamoo.

Faith na watoto wazima. Ziwa limefungwa kwa uvuvi tangu katikati ya Mei, mwalo umekuwa kimya, mbwa wanalala ndani ya mitumbwi. Kazi hakuna. Mtu asiye na kazi anakaa na vitu vyake.

Nimefungua.

Ilikuwa mchana, jua limesimama. Asubuhi yake nilikuta maji tena sakafuni. Tangu Mei halijadondoka tone, dada, usiniambie paa. Nikalala chini nikaangalia kile kitundu kwa karibu. Kikavu, na buibui amejenga mlangoni. Maji yako chini, kitundu ni kikavu. Nikaona kama kuna mtu ananingoja nimalize kujifanya. Nikachukua spana.

Nilishusha guu, nikatoa kifuniko cha pampu. Ndani vumbi la mchanga, hakuna hata unyevu. Raba ilikuwa na mabawa manne. Mawili yamekatika kwenye shina. Moja nililikuta juu kwenye njia ya maji, limekaa kama kizibo. La pili sikulipata, limeungua au limekwenda na Simon.

Sasa nakujibu swali la Februari. Sikubadilisha. Niliipindua.

Mafundi wa mwaloni tunafanya hivyo tukikosa mpya. Mabawa yamezoea kukunjika upande mmoja, basi unatoa raba, unaigeuza juu chini, mabawa yanalazimishwa kukunjika upande wa pili. Yanakaza kama mapya. Ukijaribu kwenye pipa inakojoa mpaka ukutani, mteja anafurahi. Lakini raba iliyochoka ukiikunja kinyume inapasuka kwenye shina, na huoni. Nimewahi kupindua kumi na kitu, zikadumu msimu. Mimi nilipindua raba, ziwa likapindua boti.

Na pale mwaloni ni kweli. Niliuona mchirizi unakatika. Nilijua mara moja ni nini. Wanaume walikuwa wamesimama, wateja wangu wote, na nilikuwa nimejisifu siku ile asubuhi kwamba mashine ya Simon ni kama mpya. Mama Séverine aliposema, nilimchukia kwa kuwa alisema kweli. Nikacheka. Simon alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Alingoja neno langu. Nikasema nenda, itajizibua njiani.

Watu walipoanza kusema laana, nilihisi kama nimetupiwa kamba. Nikaishika.

Dada, kitu kimoja. Niliipindua kwa sababu mpya haikufika. Nilikutumia namba ya mashine, nikangoja wiki tatu. Sikulaumu. Nimekuuliza Aprili, hukujibu. Nauliza tena.

Telesphor


Mpanda, 7 Julai 2024

Mdogo wangu,

Leo sina habari za goti wala za mahindi.

Raba niliipata. Niliinunua tarehe ishirini na moja Novemba, namba ileile uliyoniandikia, kwenye kifuko chake cha plastiki na gasketi zake na kale kachuma kadogo ka kushika shafti. Nilikwenda stendi, Masunga alikuwa ameondoka dakika kumi. Nikasema kesho. Kesho yake nilikaa kumalizia makala ya gazeti. Unajua ilihusu nini? Uzembe. Nilikuwa nawachana watumishi wanaolaza barua za wananchi kwenye droo. Nilipata maneno matamu sana. Kifuko nilikiweka droo ya kulia ili kisinisumbue mezani. Makala ikatoka, watu wakanipongeza, nikaandika ya pili. Siku nyingine nilikikumbuka nikiwa jikoni, siku nyingine nikiwa kanisani. Kisha ikaja simu ya msiba.

Tangu siku hiyo sijaifungua droo ile. Barua zote nilizokuandikia, zile za kukuita mwoga, nimeziandika kwenye meza hii. Goti langu linagusa droo. Harufu ya raba mpya imeingia kwenye karatasi zangu. Wanafunzi wananiuliza, mwalimu, madaftari yetu mbona yananuka duka la baiskeli? Nawafokea.

Mwezi wa tatu nilikuambia unajibu swali la jirani. Mimi sikujibu kabisa. Nilikwenda Kabungu nikakaa kwenye kigoda cha yule mama, nikamsikiliza kama hakimu, na ushahidi uko nyumbani kwangu.

Masunga amekabidhiwa kifuko leo, mkononi, mbele ya macho yangu, na basi nimeliangalia mpaka likakunja kona. Ndani ya bahasha kuna barua nyingine, ndefu, ya kusomwa kwenye mkutano wa kitongoji. Nimesema yangu bila mapambo. Isome wewe mwenyewe, na jina langu litangulie lako. Halafu weka raba zote mbili mezani, ile ya mabawa manne na hii, na useme.

Ukinyamaza tena nitakuja mwenyewe, na unajua nikija nakuwaje.

Lakini usininyime kukuomba: usinyamaze.

Marsela


Karema, 18 Agosti 2024

Dada Marsela, shikamoo.

Sisi wazima kwa kadiri ya uzima wetu. Faith amekuvunia bilinganya, Masunga anazo, asipokufikishia amekula. Ziwa limefunguliwa Alhamisi, mwalo umejaa kelele tena.

Mkutano ulikuwa Jumapili iliyopita baada ya misa. Joséline alikwenda Kabungu mwenyewe kumleta mama yake. Nilisoma barua yako kwanza. Nilipofika kwenye droo kuna mtu alicheka, akanyamazishwa na mkewe. Kisha nikaweka raba mbili mezani, nikasema yangu, kuanzia kupindua mpaka kucheka.

Amosi aliinua ile mbovu, akaigeuza, akauliza, "Kwa hiyo fundi unatuambia umemuua ndugu yako kwa hiki?"

Nikasema, "Kwa hicho, na kwa mdomo."

"Na sisi tulivua bati za watu."

Mzee mmoja mwenye boti akapaza sauti kutoka nyuma, "Fundi, yangu uliipindua au hukuipindua?" Nikasema niliipindua. Akasema, "Mbwa wewe," akatoka. Wateja saba wamechukua mashine zao. Ni haki yao. Mbili kati ya hizo nilizifungua kwanza, nikawaonyesha.

Bati tumerudisha, mimi na Amosi juu ya kenchi. Mama Séverine hakutusalimu, alikuwa anatuonyesha kwa kidole palipopinda. Hajanisamehe. Sijamwomba, nimeona nimalize paa kwanza.

Jana Joséline alisema mashine itengenezwe, ataipangisha ili watoto wapate kula. Kichwa cha injini kiliungua siku ile ya Desemba, nikakitoa, nikaweka cha mashine yangu mwenyewe ya akiba. Kisha pampu. Nilisafisha kikombe cha ndani kinachoshika raba, nikapaka mafuta, nikaweka ile raba uliyotuma, nikazungusha shafti polepole upande inaoendea ili mabawa yote yakunjike upande mmoja, upande wa haki. Joséline alishika tochi. Mama yake alikaa mlangoni, uso umefunikwa na kitenge.

Tuliitia kwenye pipa, nikawasha. Dada, sijawahi kuogopa kitundu namna ile. Sekunde moja, mbili, tatu. Kisha maji yakatoka, yakapiga ukuta. Mama Séverine akasimama, akaja, akaweka kiganja kwenye mchirizi. Watu walikuwa wamejaa dirishani. Akafunua uso.

"Inakojoa," akasema, kwa sauti ileile ya siku ile. Hakuna aliyeguna. Akatuangalia wote. "Sasa naweza kulitamka. Sina mkwe tena wa kumwonea haya."

Nikazima. Mashine ikadondosha tone moja moja mpaka ikaisha. Nilifuta sakafu kwa gunia, nikafunga mlango.

Leo asubuhi nimefungua. Saruji ni kavu. Nimepapasa kwa mkono chini ya kitundu, nikapapasa mpaka ukutani. Kavu kabisa, baada ya miezi minane.

Nilidhani nitashukuru. Nimekaa pale kizingitini mpaka Faith akaja kunitafuta, natazama sakafu, natamani angalau kikombe cha maji kutoka kwa Simon.

Mdogo wako,
Telesphor